Amana ya Mwambani: Kumtunza Anemoni wa Bahari Nyumbani

Mwaka 1828, katika ufuko wa North Berwick nchini Uskoti, mwanachuoni mmoja aitwaye Sir John Dalyell alimbandua mwambani anemoni mdogo wa bahari, akamtia katika gudulia la kioo lenye maji ya bahari, akamchukua nyumbani kwake ili azichunguze tabia zake kwa makini. Yamkini hakutazamia kwamba mgeni wake angeishi kuliko yeye mwenyewe. Dalyell alifariki mwaka 1851, na anemoni akarithiwa na mwanachuoni mwingine. Huyo naye alipofariki, akarithiwa na wa tatu. Na hivyo akapokezwa mkono hata mkono mpaka akaishia katika Bustani ya Mimea ya Kifalme mjini Edinburgh, ambako alikufa mwaka 1887, akiwa amekaa ndani ya kioo miaka 59 na kuzaa watoto mamia. Watu walikuwa wamezoea kumwita Granny, maana yake Bibi, na kifo chake kilitangazwa magazetini kama kitangazwavyo kifo cha mtu mashuhuri.

Katika hadithi hii, uchache wa vitu alivyopewa Bibi hunistaajabisha zaidi ya wingi wa miaka yake. Hakuwa na taa ya umeme wala pampu, hakuwa na chujio wala mtambo wa kupoza maji. Alikuwa na gudulia lake, na maji ya bahari yaliyobadilishwa kwa uaminifu, na nusu ya kome kwa chakula kila baada ya majuma mawili. Walakini katika zama zetu hizi, ambapo maarifa yameenea na vyombo ni tele madukani, si nadra kusikia kwamba anemoni aliyenunuliwa kwa fedha nyingi na kutiwa katika hodhi la fahari, lenye taa za rangi na mitambo ya kila namna, amekufa kabla ya kutimiza mwaka. Mtu akiuliza tofauti iko wapi, jibu langu, ambalo ndilo muradi wa makala haya, ni kwamba vifo vingi vya anemoni majumbani asili yake ni moja: ugeugeu wa maji uletwao na pupa ya mwenye hodhi.

Kiumbe asiye na mlango wa kufunga

Mtu aliyezoea kutembea mwambani siku za bamvua, maji yapwapo hata mwamba wote ukawa wazi, huenda amekwisha kumwona anemoni asimtambue. Akiwa nje ya maji yeye ni donge la ute lililojikunyata katika ufa wa jiwe. Bahari ijaapo na kumfunika hufunguka taratibu, akaitandaza minyiri yake ikawa kama ua lililochanua, na kwa sura hiyo wengi humdhani kuwa mmea. Lakini ni mnyama, tena mnyama alaye nyama, na ukoo wake ni ule wa konyeza na matumbawe. Mwili wake ni mfuko tu. Chini una wayo ushikao jiwe kwa nguvu. Juu una kinywa kimoja, kiingizacho chakula na kutoa taka pia. Na kuzunguka kinywa hicho imepangika minyiri, makumi au mamia kwa kadiri ya jinsi yake. Hana mfupa, hana kichwa, hana ubongo, hana moyo, hana matamvua ya kupumulia.

Ila asidharauliwe kwa upungufu huo. Katika ngozi ya kila mnyiri mmejaa vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kifuko umekunjwa uzi wenye sumu, kama mshale ulio ndani ya podo. Samaki mdogo au uduvi akimgusa, nyuzi hizo hufyatuka upesi kuliko kufumba na kufumbua, zikampooza, na minyiri ikamsukuma pole pole mpaka kinywani. Ndiyo sababu mtu akimgusa anemoni huhisi kana kwamba vidole vyake vimenasa: kunata huko ni mishale isiyo na idadi iliyochoma ngozi. Aghalabu ngozi ya kiganja ni nene, mtu asipate madhara, lakini wako anemoni wakali ambao huacha mwasho na uvimbe. Kwa hiyo ni tabia njema kuvaa glavu kila mtu atiapo mkono hodhini.

Kwa kuwa hana matamvua, anemoni hupumua kwa ngozi yake yote. Samaki ana magamba ya kumkinga, na figo za kumsaidia kurekebisha chumvi iliyomo mwilini mwake. Anemoni hana kinga wala marekebisho hayo, bali chumvi ya ndani yake hufuata chumvi ya maji yaliyomzunguka. Tunaweza kusema kwamba yeye ni nyumba isiyo na mlango wa kufunga: liwalo lote katika maji, liwe jema au baya, huingia kwake bila kupiga hodi. Msomaji akilishika neno hili, mengi yatakayofuata atayafahamu bila ya kuelezwa mara mbili.

Tena anemoni wa bahari za joto, hasa wale wapendwao na wafugaji, hakai peke yake katika ngozi yake. Ndani yake wamo wapangaji, nao ni mwani mdogo mno wa rangi ya hudhurungi, ambao hupewa makao na hifadhi, nao hulipa kodi kwa sukari waitengenezayo kwa mwanga wa jua. Sehemu kubwa ya nguvu za anemoni hutoka katika kodi hiyo. Bibi wa Edinburgh alikuwa wa jinsi ya bahari ya baridi, isiyokuwa na wapangaji wa namna hii, ndiyo maana gudulia lilimtosha. Lakini anemoni wa miamba ya matumbawe, ukimnyima mwanga, umemnyima riziki.

Maji, na mwaka wa kungoja

Maji ya bahari ya mwambani huwa na chumvi kama gramu 35 katika kila kilo moja. Joto lake lifaalo kwa hodhi ni baina ya digrii 24 na 27 za Selsiasi. Na kile kipimo kiitwacho pH, kionyeshacho kama maji yameelemea uchachu au umagadi, huwa baina ya 8.1 na 8.4. Wafugaji wengi wapya huzisoma namba hizi kama mtu asomaye sharti za mtihani, wakahangaika leo kuongeza hiki na kesho kupunguza kile, mpaka maji yakakosa utulivu kwa sababu ya kutafutiwa ukamilifu. Bahari haifanyi hivyo. Wingi wake ni mkubwa kiasi kwamba jua la mchana kutwa halilipandishi joto lake ila kidogo, na mvua ya usiku kucha haiipunguzi chumvi yake mwambani ila juu juu. Hodhi la lita 200, likilinganishwa nayo, ni kijiko. Basi ni afadhali maji yenye digrii 26 asubuhi na jioni, mwezi hata mwezi, kuliko maji yenye 24 alfajiri na 27 alasiri, ingawa namba zote tatu hizo mtu angeweza kuzitetea.

Chukua mfano wa chumvi. Maji hupaa kwa joto la taa na upepo wa chumbani, lakini chumvi haipai; hubaki. Hodhi la lita 200 likipungukiwa na lita 10, na mwenyewe akawa amesafiri au amesahau, chumvi yake iliyokuwa gramu 35 huwa imekaribia 37, na anemoni ambaye hana mlango wa kufunga amekwisha kuionja yote. Tena akirudi mwenyewe kwa hofu akamimina maji ya chumvi kujaza pengo, huongeza dhara juu ya dhara. Yaliyopaa ni maji matamu, na yanayostahili kurudishwa ni maji matamu yaliyosafishwa, kidogo kidogo, kila siku. Maji ya chumvi huingia siku ya kubadilisha, ambayo ni jambo jingine: katika hodhi kama hilo, lita 20 hutolewa kila juma moja au mawili, na lita 20 mpya huingizwa, zikiwa na joto lile lile na chumvi ile ile.

Kuhusu asili ya maji, wafugaji wengi huchanganya chumvi maalumu ya baharini na maji yaliyochujwa mpaka yakawa matupu. Maji ya bomba yenyewe hayafai, kwa kuwa hutiwa klorini, na pengine hubeba shaba kutoka katika mabomba. Na shaba, hata iwe chembe ndogo, ni sumu kali kwa viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo. Kwa ajili hiyo, dawa za samaki zenye shaba zisitiwe kamwe katika hodhi la anemoni. Samaki mgonjwa na atolewe akatibiwe katika chombo chake. Na yule akaaye kando ya bahari, akaona ni ujinga kununua chumvi ilhali maji yako mlangoni pake, asiyateke karibu na bandari, wala penye mdomo wa mto, wala palipo na mfereji wa mji. Akayateke mbali, mahali safi, wakati maji yamejaa.

Zaidi ya chumvi na joto, liko jambo lisiloonekana ambalo limewatia hasara wengi. Kila kiumbe kilacho hutoa taka, na kila mabaki ya chakula huoza, na katika kuoza huko hutoka amonia, ambayo ni sumu. Katika hodhi lililokomaa, namna moja ya bakteria huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha namna nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hukaa juu ya mchanga, juu ya kioo, na hasa ndani ya vitundu vya mawe ya mwambani. Wala hawanunuliwi wakawa tayari kwa siku moja, bali huzaliana kwa utaratibu wao. Hodhi jipya huchukua majuma 4 mpaka 6 kabla ya amonia na nitriti kushuka hata sifuri, na hapo ndipo samaki mmoja mstahimilivu huweza kutiwa.

Samaki, lakini si anemoni. Anemoni na angoje miezi 6, na akingojewa mwaka mzima ni bora zaidi. Maana hodhi likitimiza majuma yake sita limefika utoto tu. Mwani wa kero bado utakuja na kuondoka, nitrati itapanda na kushuka, na mwenyewe bado atakuwa akijifunza kwa kukosea. Makosa hayo samaki huweza kuyavumilia, anemoni hayavumilii. Kungoja huku ni kazi, wala si uvivu: kila juma mtu apime joto, chumvi, amonia, nitriti na nitrati, ayaandike katika daftari pamoja na tarehe, mpaka aone namba zimetulia ukurasa baada ya ukurasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na anemoni ni mali ya namna hiyo hasa.

Mwanga, mkondo na safari ya usiku

Taa ya hodhi la anemoni ni lazima iwe na nguvu ya kuwalisha wale wapangaji wake, iwake muda wa saa 8 mpaka 10 kila siku, na kuwashwa na kuzimwa kwake kufuate saa wala kusifuate matamanio ya mtu. Anayetaka kubadilisha taa dhaifu kwa taa kali na aipandishe nguvu hatua kwa hatua katika muda wa majuma, kwa sababu mwanga wa ghafla huweza kumchoma anemoni na kumfukuzia wapangaji wake.

Maji nayo sharti yatembee. Mwaka 1846, bibi mmoja wa London aitwaye Anna Thynne alileta matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay, na kwa kuwa hapakuwa na pampu zama hizo, mtumishi wake alikuwa na kazi ya kuyamimina maji yale kutoka chombo kimoja hata kingine, mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, ili yapate hewa. Na viumbe vile vikaishi. Leo pampu ndogo hufanya kazi ya mtumishi yule usiku na mchana, lakini fadhila ni ile ile: maji yaendayo huleta hewa kwa anemoni na kumwondolea ute na taka. Hata hivyo pampu yaweza kuwa muuaji. Mdomo wake wa kuvutia maji usipofunikwa kwa sifongo au wavu wa matundu madogo, anemoni atembeaye hunyonywa akakatwa vipande, na hodhi zima likaingia sumu usiku mmoja.

Kwani anemoni hutembea. Mtu huweza kulala akimwacha juu ya jiwe la kati, akaamka akamkuta nyuma ya hodhi penye kivuli. Mfugaji mgeni hukasirika kwa kuwa mapambo yake yameharibika, akatia mkono akajaribu kumbandua na kumrudisha. Na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu wayo ukichanika huenda asipone. Safari hiyo ni maneno ya kiumbe asiye na ulimi. Anasema kwamba mahali pale mwanga umezidi au umepungua, mkondo ni mkali au umelala, au jiwe halina ufa wa kuingiza wayo wake. Mwenye busara humwacha achague, kisha akalipanga hodhi kulingana na chaguo lake. Akikaa mahali pamoja siku nyingi, minyiri imetanda na wayo umefichama, huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba ameridhika.

Pale umeme ukatikapo mara kwa mara, na hali hiyo miji mingi ya kwetu inaijua, pampu ya hewa itumiayo betri ni lazima iwepo kabla ya anemoni kuwepo. Giza la saa kadhaa halimuui. Hewa ikwishapo majini ndipo aangamiapo, yeye na samaki wote.

Chakula na majirani

Ingawa mwanga humlisha, anemoni hupenda kuongezewa nyama. Kipande cha kamba, cha samaki au cha kome, kisichozidi ukubwa wa kinywa chake, mara moja au mbili kwa juma, kinamtosha. Kiwekwe taratibu juu ya minyiri kwa koleo, nayo itakikunja na kukipeleka. Akikikataa kiondolewe, kisije kikaoza. Siku nyingine atajikunyata akawa kama tunda lililonyauka, kisha akatapika uzi wa rangi ya hudhurungi. Mwenyewe asifadhaike, maana anatoa taka na kubadilisha maji ya ndani, na baada ya saa chache atachanua tena. Ila akijikunyata siku mbili tatu mfululizo, hapo pana sababu ya kupima maji.

Wengi humfuga anemoni kwa ajili ya wale samaki wadogo wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, ambao hulala katikati ya minyiri yake bila kudhurika, kwa kuwa ute wa ngozi zao huwazuia mishale ile isifyatuke. Duniani wako anemoni zaidi ya 1,000 kwa jinsi, lakini wanaowapokea samaki hao ni jinsi 10 tu, na baadhi yao wamo katika miamba ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hata Mafia. Ujirani huo una haki pande zote mbili. Samaki humfukuza kitatange ajaye kudonoa minyiri, na choo chake huwa mbolea kwa wapangaji wa anemoni. Anemoni naye humpa ngome ambayo adui hathubutu kuingia. Na katika kila ngome mna mke mmoja, aliye mkubwa kuliko wote, na mume wake; mke akifa, mume hugeuka kuwa mke, na mdogo anayefuata akapanda daraja akawa mume.

Pamoja na hayo, anemoni aweza kuishi hodhini bila samaki, na samaki bila anemoni. Kwa hiyo asinunuliwe mmoja kwa hoja ya kumwonea huruma mwingine. Vitatange wasikae naye, kwa kuwa watamla, na matumbawe yasipandwe karibu naye, kwa kuwa atayachoma.

Dalili za hatari

Anemoni mzima huwa na kinywa kilichofungika, minyiri inatayo, wayo ulioshika, na rangi iliyokolea. Anayenunua na atazame mambo hayo manne bila haya, tena aombe kuonyeshwa anemoni akila mbele ya macho yake. Anemoni mweupe kabisa huenda akamvutia asiyejua, akadhani weupe ule ni uzuri wa asili. Hakika ni kwamba amewafukuza wapangaji wake kwa taabu ya safari, giza au joto, naye anakufa njaa kidogo kidogo. Jambo hilo hilo liliifika miamba ya pwani yetu mwaka 1998, maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yakageuka meupe kutoka Kenya mpaka Msumbiji, na mengi yasipone. Yaliyoikuta bahari nzima kwa digrii chache tu, seuze hodhi la chumbani.

Kinywa kilicholegea na kuachama siku nyingi, wayo usioshika kitu, na mwili unaoyeyuka wenye harufu mbaya, ni dalili za mwisho. Anemoni aliyekufa atolewe papo hapo, na sehemu kubwa ya maji ibadilishwe, kwa maana mzoga wake huoza upesi na kuwaua waliobaki.

Anapofika nyumbani akiwa mzima, asitupwe hodhini mara moja. Maji ya hodhi yadondoshwe katika chombo chake tone kwa tone, muda wa saa moja au mbili, mpaka chumvi na joto vilingane. Kisha pampu zipunguzwe nguvu, awekwe karibu na jiwe lenye ufa, na aachwe.

Haki ya mwamba

Limebaki neno moja, ambalo kwangu ni zito kuliko yote niliyotangulia kuyasema. Mwaka 1854 mwanachuoni Mwingereza Philip Henry Gosse alitoa kitabu kiitwacho The Aquarium, akawafundisha watu wa nchi yake jinsi ya kuweka viumbe vya bahari katika vioo majumbani, na mafunzo yake yakapendwa mno. Makundi ya watu yakamiminika ufukoni na ndoo na patasi. Mwanawe Edmund, katika kitabu chake Father and Son cha mwaka 1907, alishuhudia kwamba vidimbwi vya mwambani alivyovijua utotoni vikiwa vimejaa uhai na uzuri vilikuwa vimeporwa na kuharibiwa, na kwamba baba yake, mtu mcha Mungu aliyeviheshimu viumbe, alisononeka kwa kuwa vitabu vyake ndivyo vilivyofungua njia ya msiba ule.

Sisi tuna miamba ambayo bado inapumua. Chumbe, Mafia na Kisite-Mpunguti zimewekewa hifadhi kwa sheria, lakini sheria haiwezi kusimama juu ya kila jiwe. Kukua kwa anemoni mwambani ni kwa pole pole, na huweza kuishi miaka makumi. Amwondoaye leo huacha ngome tupu, na samaki waliokuwa wakikaa humo hubaki bila ulinzi mbele ya walao samaki. Kwa bahati njema, njia iko. Jinsi iitwayo na wataalamu Entacmaea quadricolor, ambayo ncha za minyiri yake huvimba kama shanga, nayo hupatikana kutoka Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hata Samoa, huzoea hodhi kuliko wenzake na hujigawa yenyewe: hupasuka kati ikawa mbili, na kila nusu ikapona ikawa kiumbe kamili. Wafugaji wenye hodhi zilizotulia hupata anemoni wapya kwa njia hiyo bila kugusa bahari. Huyo aliyezaliwa kiooni ndiye apasaye kutafutwa na mwanafunzi. Hana uchovu wa safari ndefu, amekwisha kuzoea taa na pampu, na hakuna jiwe la mwamba lililoachwa uchi kwa ajili yake. Kinyume chake, wale wakubwa waitwao Stichodactyla mertensii, ambao upana wao hupita mita moja, waachwe walipo, kwani hakuna chumba cha kawaida kiwezacho kuwapa nafasi wanayostahili.

Nakusihi basi, ewe msomaji, kama moyo wako umependa kuwa na ua hili la bahari nyumbani: nunua hodhi mwaka huu, na anemoni mwaka ujao. Katika miezi ya kungoja, andika daftari lako, rudisha maji yaliyopaa, badilisha yaliyochakaa, na jitazame mwenyewe kama una subira ya kuifanya kazi ndogo ile ile kila siku bila kusifiwa. Ukiona subira hiyo huna, mwache anemoni mwambani, ukamtembelee siku za bamvua bila kumgusa. Na ukiona unayo, jua kwamba umepokea amana ambayo huenda ikaishi kuliko wewe, kama Bibi alivyoishi kuliko Dalyell. Basi mfundishe na mwanao.